Upanuzi wa bustani ya mtaa wetu Mtwara: tuanze na nini, na nini kisiguswe?

Mjumbe wa Mtaa ameuliza:

Salamu kwenu nyote, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa mmoja katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, nami nimekuja kuomba ushauri kabla hatujapeleka andiko letu kwenye kata. Tuna bustani ndogo yenye mita 50 kwa 70 hivi, ambayo ndani yake mna miembe mitatu mikubwa, mwarobaini mmoja, bembea mbili ambazo mojawapo imekatika mnyororo, na mabenchi ya saruji ambayo wazee huyakalia kwa bao tangu baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi. Upande wake wa mashariki, bila ukuta wala mtaro unaotenganisha, upo uwanja wa mchanga ambao haujajengwa tangu sisi tuko wadogo. Wenyeji mnajua kwamba mji huu ulipimwa kwa ukarimu: ulipangwa wakati wa ule mradi wa karanga wa wakoloni, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, na ingawa watu na shehena zilizotarajiwa hazikufika zote, barabara pana na nafasi za wazi zilibaki. Wazee wa mtaa husema uwanja wetu ni salio la hesabu ile iliyokosewa.

Tumeupima kwa futi kamba. Una mita 60 kutoka kaskazini hadi kusini, na mita 85 kutoka mashariki hadi magharibi, yaani ekari moja na robo. Barabara ya lami inapita upande wa kaskazini wa bustani na uwanja kwa pamoja.

Katika mkutano wa mtaa vijana walitaka uwanja kamili wa mpira wa miguu. Akina mama walitaka uwanja wa netiboli na mahali pa watoto wadogo. Wapo waliopendekeza zijengwe fremu kumi za biashara kando ya barabara ili kodi yake ilipe mlinzi na mfagizi. Wazee hawakuomba kitu, ila walisema anayetaka kukata mwembe aanze na wao.

Kijana mmoja mwenye kipaji cha kuchora ametutengenezea ramani: uwanja wa mpira umelala kwa urefu wote wa mita 85, fremu zimejipanga barabarani, netiboli imebanwa nyuma ya fremu, na vyoo vimewekwa kwenye kona ya kusini-mashariki ili visionekane. Katika karatasi kila kitu kimeenea, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Naomba wenye ujuzi mniambie ramani hii ina kasoro gani, suala la fremu tulichukuliaje, na tupitie njia ipi ili kesho na keshokutwa asije mtu na hati mkononi akatuambia kwamba uwanja ni wake.

---

Mpimaji Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hayo mengine yote yamesimama juu yake.

Msichore kitu kingine chochote kabla hamjaiona ramani ya mipangomiji iliyoidhinishwa ya eneo lenu. Nendeni kwa afisa mipangomiji wa manispaa mkiwa na barua ya mtaa, mwombe kuonyeshwa uwanja huo umeandikwa matumizi gani. Ukiwa umeandikwa eneo la wazi au eneo la michezo, mko salama kwa kiasi kikubwa. Ukiwa umeandikwa huduma za jamii, fahamuni kwamba huenda ulitengwa kwa ajili ya zahanati au shule, na hapo mtahitaji kuomba mabadiliko ya matumizi kwa utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 kabla ya kusimamisha hata goli. Mtaa, pamoja na heshima yake yote, hauna mamlaka ya kugawa ardhi ya mjini wala kubadili matumizi yake. Mhuri wa mwenyekiti haugeuzi ramani, na nimeona watu wengi wakiliwa fedha zao kwa kutolijua jambo hili.

Baada ya hapo, ombeni bikoni, yaani alama za mipaka zilizowekwa na wapimaji, zitafutwe. Mchanga wa pwani huzimeza, na zile ambazo haukuzimeza zimegongwa na magari. Zikipatikana au zikirudishwa, ombeni bustani na uwanja vitambuliwe kama eneo moja lililo chini ya Halmashauri. Mipaka inayojulikana ndiyo ukuta wenu wa kwanza, nayo gharama yake ni ndogo kuliko ya matofali.

Kuhusu fremu, nitasema nililoliona bila kutaja mahali. Katika mji mmoja nilikofanya kazi, fremu sita zilijengwa ukingoni mwa eneo la wazi kwa nia hii hii ya kulipa mlinzi. Mwaka wa pili wapangaji walisogeza bidhaa nyuma wakajenga stoo. Mwaka wa nne stoo zilipata milango yake. Nilipostaafu, watoto walikuwa wakicheza barabarani, na mlinzi aliyekuwa akilipwa na kodi hiyo alikuwa akilinda maduka. Mimi sizitaki.

Njia ya andiko ni hii: mkutano wa wakazi wenye muhtasari na orodha ya mahudhurio iliyosainiwa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha manispaa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla, kwa hiyo andiko linalofika Mei linasomwa kama salamu tu. Jitahidini liwe mezani kabla Desemba haijaisha. Na tafadhali, mkutano wa kuamua usiitishwe katikati ya msimu wa korosho, wakati nusu ya wenye kaya wako mashambani Tandahimba na Newala, kwa maana wakirudi watasema hawakushirikishwa, nao watakuwa wamesema kweli.

---

Fundi wa Viwanja, Lindi amejibu:

Namuunga mkono mzee hapo juu. Mimi nitazungumzia ramani ya kijana wenu, ambayo nadhani ameichora vizuri kwa mji usio na jua, upepo wala mvua.

Uwanja kamili wa mpira wa miguu hauingii hapo. Urefu wa chini kabisa unaokubalika katika sheria za mchezo ni mita 90, nanyi mna 85, tena bado hamjaacha nafasi ya mtu kusimama baada ya kukimbia na mpira. Mechi kubwa ziende uwanja wa Nangwanda Sijaona, ambao uko hapo hapo mjini kwenu. Mtaa unahitaji uwanja mdogo wa wachezaji watano kwa watano au saba kwa saba, na mita 40 kwa 20 zinatosha.

Lakini kosa kubwa zaidi ni mwelekeo. Kijana ameulaza uwanja mashariki kwa magharibi. Watu wa kwenu wanaanza kucheza saa kumi alasiri na kumaliza giza linapoingia, maana yake ni kwamba kwa saa mbili nzima kipa wa goli la mashariki anaangaliana na jua linalozama. Atafungwa mabao ambayo hakuyaona, na ugomvi wake mtausikia hadi nyumbani. Viwanja vyote vielekezwe kaskazini kwa kusini. Bahati yenu ni kwamba upande huo mna mita 60, na hesabu inakubali: uwanja mdogo wa mpira, pamoja na mita tatu za usalama kila upande, unachukua mita 46 kwa 26. Netiboli ina mita 30.5 kwa 15.25, nayo ikiongezewa nafasi ya pembeni inafika kama mita 37 kwa 22. Viwanja hivi viwili vikikaa ubavu kwa ubavu vinakula mita 48 kati ya zile 85, na mnabakiwa na mita 37 za upana kwa ajili ya miti, watoto na njia ya kutembea.

Sakafu ya netiboli iwe ya zege, na juu yake mchore pia mistari ya mpira wa kikapu, ambao una mita 28 kwa 15, na ya wavu, wenye mita 18 kwa 9, kila mchezo kwa rangi yake. Sakafu moja itahudumia michezo mitatu. Ipeni mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita, kwa sababu sisi wa kusini mvua zetu zinakuja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na zikija hazibishi hodi. Sakafu iliyo sawa kama meza itakuwa bwawa la chura miezi mitano. Maji yaelekezwe kwenye miche mipya na si barabarani.

Sasa vyoo. Kona ya kusini-mashariki ndiyo kona mbaya kuliko zote nne. Kusi linavuma kutoka huko miezi mingi ya mwaka, na kaskazi nayo inatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo pepo zetu zote mbili kubwa zina mashariki ndani yake. Choo kikikaa mashariki, kila anayekaa chini ya mwembe atakijua bila kuonyeshwa. Kipelekeni kona ya kusini-magharibi ya bustani ya zamani, ilimradi upande huo hakuna nyumba ya mtu dirishani.

Mengine nitayapitia haraka. Chumvi ya bahari inakula chuma, kwa hiyo bembea na magoli yawe ya mabomba yaliyochovywa zinki, na minyororo ikaguliwe kila baada ya miezi michache badala ya kungojwa ikatike kama ule wenu. Chini ya bembea wekeni mchanga laini wenye kina cha sentimita 30, msimwage zege. Matairi ya kuchezea yatobolewe matundu chini, la sivyo mtafuga mbu. Paa la baraza lifungwe barabara. Mnakumbuka Aprili 2019 jinsi Kimbunga Kenneth kilivyowatoa watu majumbani Mtwara, ingawa hatimaye kilipiga ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji. Na liwe na upenu mrefu kaskazini na kusini, kwa kuwa huku kwetu jua la adhuhuri linakaa upande wa kusini tangu mwishoni mwa Oktoba hadi karibu mwisho wa Februari, kisha linahamia kaskazini. Msipande minazi karibu na watoto. Nazi haichagui kichwa.

---

Mwalimu wa Netiboli amejibu:

Kaka Fundi ametusaidia sana kwa vipimo, nami naomba niongeze jambo ambalo futi kamba haipimi.

Nimefundisha wasichana mpira wa pete kwa miaka mingi hapa Mtwara, na ninachokijua ni kwamba msichana haachi kucheza kwa sababu hapendi mchezo. Anaacha kwa sababu ya saa na ya njia. Mchana yuko shuleni, akirudi ana maji ya kuchota na mdogo wake wa kubeba, wengine wana madrasa, kwa hiyo saa yake ya kucheza ni moja tu, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo hiyo wavulana nao wamejaa, na pakiwa na uwanja mmoja wa wote, uwanja huo ni wa wavulana. Hakuna anayetangaza hivyo, bali ndivyo inavyokuwa. Ndiyo maana nataka ile sakafu ya zege ipewe ratiba iliyoandikwa ubaoni, ikitaja siku za wasichana waziwazi, na ratiba hiyo ipitishwe na mkutano wa mtaa kama kanuni, isiachwe kuwa ombi la mwalimu.

La pili ni kuonekana. Ramani ile imeificha netiboli nyuma ya fremu kumi. Mzazi hatamruhusu binti yake aende kucheza nyuma ya ukuta wa maduka ambako hakuna anayemwona, na mimi nisingemruhusu wangu. Kama mzee Mpimaji anazikataa fremu kwa sababu ya ardhi, mimi nazikataa kwa sababu ya macho. Sakafu iwe upande wa barabara, na mama lishe wawe karibu na meza zao za kuhamishika chini ya kivuli. Mama lishe mwenye chai na vitumbua analinda watoto kuliko taa, kwa sababu yeye anawafahamu kwa majina. Na kama wanahitaji mtaji, wajiunge kikundi waombe ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambayo nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu.

Vyoo viwe na chumba cha wasichana chenye maji ndani, komeo linalofunga na ndoo yenye kifuniko. Bila hicho, wiki moja kila mwezi nawapoteza wachezaji.

Tena kuna mtu ambaye sijamwona katika maoni ya mkutano wenu. Mtaani kwenu hakuna anayetumia kiti cha magurudumu? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kufika mahali pa umma kama mimi na wewe. Mchanga ule mzuri kwa mpira ni tope kwa magurudumu yake. Wekeni njia ngumu kutoka barabarani hadi kwenye baraza, kwenye sakafu na chooni, na penye kupanda, kila sentimita moja ya kimo ipewe sentimita kumi na mbili za urefu. Njia hiyo hiyo ikizungushwa eneo zima, itakuwa ya akina mama na wazee walioambiwa na daktari watembee, ambao sasa wanatembea barabarani wakikwepa bodaboda.

---

Jirani wa Mikindani amejibu:

Nimesoma nikifurahi, mpaka nilipoona uwanja wote umekwisha kugawanywa.

Ndugu Mjumbe, umeuita uwanja usiojengwa. Naomba nikuulize: maulidi ya mtaa wenu husomwa wapi? Ukitokea msiba katika nyumba isiyo na ua, turubai linafungwa wapi na mikeka inatandikwa wapi? Arusi, mikutano ya hadhara, ngoma za watoto wanapotolewa jandoni, hivi vyote mnavifanyia barabarani? Nina hakika vinafanyika hapo hapo mchangani, na kwamba katika mkutano hakuna aliyevitaja kwa sababu hakuna anayeomba kitu alicho nacho tayari. Uwanja mtupu una kazi nyingi kuliko mnavyodhani, ila kazi zake hazina kibao.

Huku kwetu Mikindani nyumba zimebanana, mji ni wa kale, na tunajua thamani ya mahali ambapo watu mia tatu wanaweza kuketi kwa pamoja. Msije mkajaza kila mita halafu mkaanza kuomba uwanja wa shule kwa ajili ya mazishi.

---

Fundi wa Viwanja, Lindi amejibu:

Jirani amenisahihisha, nami nakubali. Hesabu yangu ilikuwa ya michezo peke yake.

Lipo suluhisho lisilopunguza kitu. Uwanja mdogo wa mpira ubaki wa mchanga ulioshindiliwa, msiuwekee zege, uzio wala nyasi bandia, na magoli yake yawe ya kuhamishika. Siku ya shughuli magoli yanasogezwa pembeni, na mna mita 46 kwa 26 za kufunga turubai, tena pakiwa na njia ngumu ya Mwalimu inayofika hadi hapo. Ila nisisitize jambo moja: goli la kuhamishika ambalo halikufungwa chini ni hatari, kwa sababu watoto hulibembea likawaangukia. Zikeni pete nne za chuma katika zege kwa kila goli, na goli lifungwe kwa kufuli muda wote, wakati wa mechi na baada yake. Funguo akae nazo mtu mmoja anayejulikana.

---

Mjumbe wa Mtaa amejibu:

Ahsanteni sana, na kwako Jirani naomba radhi kwa ule uwanja "usiojengwa". Nilipolisoma swali lako nilikumbuka kwamba arobaini ya mama yangu mwenyewe ilisomwa hapo mchangani, na bado niliandika kana kwamba pamekaa bure.

Jana jioni nilikwenda na kijana wetu mchoraji kwenye eneo, tukasimama mahali ambapo goli lake la mashariki lingekuwa, saa kumi na moja na nusu. Alinyanyua mkono kujikinga macho, akacheka, akasema atachora upya. Upande wa magharibi wa bustani kuna barabara ya vumbi na baada yake ni ukuta usio na madirisha, kwa hiyo vyoo vimehamia kona ya kusini-magharibi bila ubishi. Sakafu ya zege imesogezwa kaskazini ionekane kutoka barabarani, mchanga umebaki mchanga, na zile mita 37 zilizosalia tumezigawa kati ya watoto na miti, tukianza na mikungu na miarobaini itakayopandwa mvua za kwanza zikinyesha. Miembe mitatu imechorwa mahali pake kwa wino mwekundu, kwa agizo la wazee.

Fremu bado zina watetezi, na hoja yao kwamba mlinzi lazima alipwe na mtu ni ya kweli. Tutapeleka mkutanoni pendekezo la ada ndogo ya choo pamoja na malipo ya shughuli kubwa kama arusi, misiba ikiwa bure, na tuone kama yatatosha kwa mfagizi mmoja na umeme wa luku wa taa mbili. Ratiba ya wasichana nayo itapigiwa kura siku hiyo hiyo. Tumekubaliana mkutano uwe kabla korosho hazijaanza kuokotwa.

Mzee Mpimaji, barua ya kuomba kuiona ramani tumeipeleka manispaa leo asubuhi. Bikoni moja tumeipata, imezama chini ya mzizi wa mwembe wa pili. Ya kaskazini-mashariki hatujaiona, na mahali ilipopaswa kuwa pana rundo la matofali ambalo mwezi uliopita halikuwepo. Je, tungoje majibu ya barua, au tuanze kwa kumuuliza mwenye matofali?

---

Mpimaji Mstaafu amejibu:

Msingoje. Nendeni leo, watu watatu, pamoja na mtendaji wa mtaa, mkamuulize kwa adabu na mbele ya mashahidi. Piga picha ya rundo hilo kabla halijawa msingi, andika tarehe, kisha peleka nakala kwa afisa ardhi mkononi na usainiwe kwamba imepokelewa. Matofali huhamishika kwa siku moja. Ukuta ukishasimama mtauzungumzia mahakamani.